Mosby au Quantrill: kipi uanze nacho kati ya vikosi viwili vya msituni vya vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani

Anayeanza kusoma habari za vikosi vya msituni katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, hufika njia panda mapema sana. Huku yupo John Singleton Mosby wa Virginia, mwanasheria aliyegeuka mpanda farasi. Kule yupo William Clarke Quantrill, mzaliwa wa Ohio na mwalimu wa shule, aliyepata jina lake Missouri. Wote wawili walipigania Kusini, yaani majimbo yaliyojitenga, dhidi ya Muungano, yaani serikali ya Marekani na majimbo ya Kaskazini. Wote walipenda bastola, farasi wepesi na giza. Wote walitumia sheria moja kudai kwamba wao ni askari. Lakini ukisoma habari za mmoja ukadhani umemaliza na za mwenzake, umepotea.

Ulinganisho huu ni kwa ajili ya mwanafunzi anayechagua mada, mwalimu anayetafuta mfano mmoja wa kufundishia, na msomaji wa kawaida ambaye ana nafasi ya kumfuatilia mmoja tu kwa sasa. Msimamo wangu nautaja mapema: kilichowatenganisha si ushujaa, wala si kwamba mmoja alikuwa muungwana na mwingine katili, ingawa hivyo ndivyo wanavyosimuliwa. Kilichowatenganisha ni kama palikuwa na mtu wa kumwambia kiongozi "acha" naye akaacha.

Sheria iliyowazaa

Tarehe 21 Aprili 1862 Bunge la Kusini mjini Richmond lilimruhusu Jefferson Davis, Rais wa Kusini, kuwapa vyeo maofisa wa kuunda vikosi vya kupigana nyuma ya mistari ya adui. Wapiganaji hao wangelipwa mshahara uleule wa askari wengine na kufuata kanuni zilezile za jeshi. Ila palikuwa na utamu wa ziada: silaha na risasi walizoteka wakazikabidhi jeshini, wangelipwa thamani yake yote.

Huhitaji kuambiwa kilichofuata. Vijana waliochoka kulala mahandakini na kula posho ndogo walitamani kazi hiyo yenye nyara, farasi, na usiku wa kulala kitandani. Vikosi vikachipuka kila mahali, vingi vikiwanyang'anya wakulima wa Kusini wenyewe. Majenerali wakalalamika. Robert E. Lee, mkuu wa jeshi la Kusini huko Virginia, ambaye alimthamini sana Mosby, alishauri sheria ifutwe, na tarehe 17 Februari 1864 ikafutwa kweli. Vikosi viwili tu viliachwa viendelee na mtindo wake: cha Mosby, na cha John Hanson McNeill ambacho nitakigusa baadaye. Hapo pana ushahidi wa kutosha kuhusu maoni ya serikali ya Kusini juu ya vikosi vyake yenyewe: kati ya vingi ilivyoruhusu, ilibaki ikiamini viwili.

Watu wa Quantrill waliapishwa chini ya sheria hiyohiyo Agosti 1862, baada ya kushiriki kuuteka mji wa Independence, Missouri. Quantrill akapata ukapteni, na baadaye akawa anatia saini kama kanali. Kwa hiyo anayesema Mosby alikuwa askari halali na Quantrill jambazi tangu mwanzo, anaruka hatua. Kwenye karatasi walianzia mahali pamoja.

Walimwajibikia nani

Mosby alianza Januari 1863 na watu wachache alioachiwa na Jenerali J.E.B. Stuart, mkuu wa wapanda farasi wa Lee, huko kaskazini mwa Virginia. Juni mwaka huo kikosi kikasajiliwa rasmi, na kikajulikana kama Batalioni ya 43 ya wapanda farasi wa Virginia. Aliripoti kwa Stuart, na Stuart alipouawa Mei 1864 akawa anaripoti moja kwa moja kwa Lee. Aliandika taarifa, aliomba vyeo kwa maofisa wake, alipeleka mateka Richmond.

Kikosi chenyewe hakikuwa na kambi. Wapiganaji walilala kwenye nyumba za wakulima katika kaunti za Fauquier na Loudoun, wakiitwa wakakutana kwenye njia panda fulani, wakishambulia wakatawanyika kabla doria ya Muungano haijafika. Watu wa namna hiyo ni vigumu kuwatia nidhamu. Dawa ya Mosby ilikuwa rahisi: mkorofi alirudishwa jeshi la kawaida. Kwa mtu aliyezoea uhuru ule, hiyo ilikuwa adhabu kali kuliko kiboko. Lakini angalia sharti lake: dawa hiyo hufanya kazi pale tu ambapo jeshi la kawaida lipo, tena karibu.

Missouri halikuwepo. Baada ya Kusini kushindwa vita vya Pea Ridge, Arkansas, Machi 1862, jeshi lake lilisukumwa mbali na jimbo. Waliobaki nyuma walikuwa vijana wa mashambani wenye bastola na chuki, katika jimbo lililobaki ndani ya Muungano, ambako nyumba moja iliunga mkono Kaskazini na ya pili Kusini. Virginia, mkulima aliyemficha mpiganaji wa Mosby alikuwa kwa kawaida miongoni mwa majirani wanaofikiri kama yeye. Missouri, jirani ndiye aliyekuchoma au kukuchongea. Quantrill hakuwa na jenerali wa kumrudishia mkorofi, wala wa kumwita yeye mwenyewe ajieleze, isipokuwa msimu wa baridi alipokwenda Texas. Na Texas ndiko kundi lake lilikomeguka, kati ya mwishoni mwa 1863 na masika ya 1864. George Todd akachukua watu wake, William Anderson, yule waliyemwita "Bloody Bill", akachukua wake. Kiongozi asiye na mkubwa juu yake hugundua upesi kwamba hata walio chini yake hawamhitaji.

Usiku wa Fairfax, alfajiri ya Lawrence

Kila kikosi kina tukio moja linalotajwa na kila mtu. Yakiwekwa pamoja, yanaonyesha mengi.

Usiku wa tarehe 8 kuamkia 9 Machi 1863, Mosby na watu 29 walipenya katikati ya vituo vya Muungano hadi Fairfax Court House, mji uliozungukwa na maelfu ya askari wa adui, umbali mfupi kutoka Washington. Wakamkuta Brigedia Jenerali Edwin Stoughton, kijana wa miaka 24, amelala kitandani. Wakaondoka naye, pamoja na makapteni wawili, askari 30 na farasi 58, bila kupoteza mtu. Inasimuliwa kwamba Rais wa Muungano, Abraham Lincoln, alisikitikia farasi kuliko jenerali, kwa sababu jenerali mwingine angeweza kumteua.

Tukio la Lawrence, Kansas, ni la tarehe 21 Agosti 1863. Quantrill aliingia alfajiri na zaidi ya watu 400. Mji aliujua: aliwahi kuishi hapo miaka michache kabla, akitumia jina la Charley Hart. Kwa muda wa saa zisizozidi nne waliua wanaume na wavulana zaidi ya 150, wengi wao raia wasio na silaha, mbele ya wake zao na mama zao, kisha wakachoma sehemu kubwa ya mji. Seneta James Lane wa Kansas, waliyemtaka kuliko wote, alikimbilia shamba la mahindi akiwa na nguo za kulalia, akapona.

Hapa wasimulizi wengi huweka nukta: mmoja kakamata jenerali, mwingine kachinja mji. Ukiishia hapo hujaelewa Lawrence. Lane huyohuyo, Septemba 1861, aliongoza wapiganaji wa Kansas wakauchoma mji wa Osceola, Missouri, na kuua watu. Mpaka ule wa Kansas na Missouri ulikuwa unamwaga damu tangu miaka ya 1850, Kansas ilipokuwa ikigombaniwa iwe na utumwa au isiwe nao. Na siku nane kabla ya Lawrence, jengo la Kansas City ambamo jeshi la Muungano liliwafunga wanawake wa familia za wapiganaji lilianguka. Waliokufa ni pamoja na dada wa Bloody Bill. Sisemi hayo yanahalalisha kuua mvulana mlangoni kwao. Nasema yanaeleza kwa nini watu zaidi ya 400 walikubali kupanda farasi usiku kucha kwenda kuua.

Kisha angalia jibu la Muungano. Tarehe 25 Agosti Jenerali Thomas Ewing alitoa Amri Namba 11. Wakazi wa kaunti za Jackson, Cass, Bates na sehemu ya Vernon, ukiacha waliokaa karibu na miji fulani na vituo vya jeshi, walipewa siku 15 kuondoka. Walioweza kuthibitisha uaminifu wao waliruhusiwa kuhamia vituo vya jeshi au Kansas, lakini mashambani hawakuruhusiwa kubaki. Maelfu walihama, nyumba zikateketezwa, na eneo likabaki na jina la Wilaya Iliyoungua. Kwa anayetaka kujua vita vya msituni huwafanyia nini watu wasiopigana, amri hiyo moja ina mafunzo kuliko uvamizi wote wa Mosby ukijumlishwa.

Virginia nayo iliunguzwa, tusisahau. Mwishoni mwa Novemba 1864 wapanda farasi wa Jenerali Wesley Merritt wa Muungano waliteketeza maghala, vinu na mazao ya eneo la Mosby na kuswaga mifugo. Lakini agizo lilikataza kuchoma nyumba za kuishi na kuwadhuru watu. Hata katika uharibifu palikuwa na mstari ambao Missouri ulikwisha kufutika.

Mzunguko wa kulipiza kisasi, na namna ulivyokatika

Ningekuwa na ukurasa mmoja tu wa kulinganisha, ningeutumia hapa.

Agosti 1864 Mosby alikuwa mwiba kwa Jenerali Philip Sheridan wa Muungano katika bonde la Shenandoah. Tarehe 13, karibu na Berryville, alivamia msafara wa mizigo, akachoma magari kadhaa na kuswaga mamia ya nyumbu, farasi na ng'ombe. Siku tatu baadaye Ulysses Grant, mkuu wa majeshi ya Muungano, alimwandikia Sheridan kwamba watu wa Mosby wakikamatwa wanyongwe bila kesi. Septemba 23, mjini Front Royal, sita kati yao waliuawa wakiwa mateka, na Oktoba akauawa wa saba.

Mosby alisubiri. Kwanza alimwandikia Lee kuomba kibali cha kulipiza, akakipata. Tarehe 6 Novemba, Rectortown, mateka 27 wa Muungano walichotishwa kura za bahati na saba wakaangukiwa wafe, idadi ileile ya watu wake waliouawa. Watatu walinyongwa, wawili walipigwa risasi wakaishi, wawili wakatoroka. Mosby hakuwafuata walionusurika. Tarehe 11 Novemba akamwandikia Sheridan barua: kuanzia sasa mateka wako watatendewa vyema, usiponilazimisha vinginevyo. Mauaji ya mateka yakakoma pande zote mbili.

Mimi sioni uungwana hapo, kwa sababu waliochaguliwa kwa kura hawakuwa wamemkosea. Ninachoona ni utaratibu. Palikuwa na kibali kutoka juu, palikuwa na hesabu yenye mwisho, na upande wa pili palikuwa na jenerali wa kuandikiwa barua, mwenye uwezo wa kuwazuia watu wake.

Sasa nenda Centralia, Missouri, tarehe 27 Septemba 1864, siku nne tu baada ya Front Royal. Watu wa Bloody Bill walisimamisha treni, wakawashusha askari zaidi ya 20 wa Muungano waliokuwa likizo bila silaha, wakawaua wote ila sajini mmoja. Mchana huohuo wakawavuta mtegoni askari wa Meja A.V.E. Johnston waliokuja kuwatafuta, wakaua zaidi ya 100, pamoja na waliosalimu amri, na maiti zikakatwakatwa. Nani angeandikiwa barua? Tangu Machi 1862 Jenerali Henry Halleck wa Muungano alikuwa ametangaza kwamba wapiganaji wa namna hiyo Missouri ni wanyang'anyi na wauaji wa kunyongwa. Mtu aliyekwisha kuambiwa atanyongwa hata akisalimu amri hana sababu ya kumwacha hai anayesalimu amri kwake. Anderson mwenyewe aliuawa tarehe 26 Oktoba. Hakuna kilichotulia.

Askari au mhalifu?

Kwa wanaosoma sheria, tofauti hii ina nyaraka zake. Tarehe 24 Aprili 1863 Muungano ulitoa Amri ya Jumla Namba 100, iliyoandaliwa na Francis Lieber, profesa mzaliwa wa Ujerumani. Ibara ya 81 inasema mpiganaji aliyevaa sare ya jeshi lake na kupangiwa kazi mbali na kundi kuu, akikamatwa, ana haki zote za mateka wa vita. Ibara ya 82 inamhusu anayeshambulia bila cheo wala kuwa sehemu ya jeshi, kisha anarudi nyumbani kujifanya raia. Huyo hutendewa kama mnyang'anyi wa barabarani au haramia.

Jaribu kuwapanga. Watu wa Quantrill wengi wanaangukia ya 82 bila ubishi, hasa kwa kuwa walizoea kuvaa sare za bluu za adui ili kumsogelea. Watu wa Mosby? Walikuwa na cheo, na kwa kawaida walivaa kijivu, rangi ya sare ya Kusini. Lakini walirudi majumbani baada ya kila shambulio, na mchana wengine wangeweza kuonekana wakulima. Wana mguu mmoja katika kila ibara. Grant alipoandika amri ya kuwanyonga alikuwa anasoma ya 82. Mosby alipomwandikia Sheridan alikuwa anasimama juu ya ya 81. Darasani huu ni mjadala mzuri kuliko wote nilioutaja, na hauna jibu la haraka.

Faida ya kijeshi

Hili nalipita upesi. Mosby aliwalazimisha Muungano kutenga askari kulinda reli, misafara na vituo. Oktoba 14, 1864 watu wake waliangusha treni ya reli ya Baltimore and Ohio, wakachukua dola 173,000 za mishahara ya jeshi na kugawana, yeye akikataa fungu lake. Novemba walikiangamiza kikosi maalumu cha Kapteni Richard Blazer kilichoundwa kuwawinda, kikiwa na bunduki za Spencer, zinazofyatua risasi kadhaa mfululizo. Yote hayo ni kweli, na bado Sheridan alilichukua bonde la Shenandoah. Mosby alichelewesha, hakuzuia. Quantrill naye aliwafunga askari wengi wa Muungano Missouri, lakini kwa gharama ambayo watu wa Kusini wa jimbo hilo ndio walioilipa.

Wa tatu ambaye watu humsahau

McNeill na watu wake wa kaunti ya Hardy, katika milima ya Virginia Magharibi, wanafaa kwa anayetaka mfano mdogo unaoshikika. Adui wao mkuu alikuwa reli. Mei 1864 walichoma karakana za treni huko Piedmont. McNeill alijeruhiwa Oktoba akafa, mwanawe Jesse akachukua uongozi, na tarehe 21 Februari 1865 akaingia Cumberland, Maryland, na watu sitini na kitu, akaondoka na majenerali wawili, George Crook na Benjamin Kelley. Fairfax mara mbili, kwa kifupi. Ubaya wake ni kwamba maandishi ni machache, na utamaliza haraka.

Uchague nini

Anayehitaji insha fupi, yenye nyaraka nyingi na mwisho unaoeleweka, amchukue Mosby. Watu wake wengi walisoma na waliandika kumbukumbu zao, taarifa zake zimo katika mkusanyo rasmi wa nyaraka za vita, na maisha yake yana visa vya ajabu: kijana aliyesomea sheria gerezani baada ya kumpiga risasi mwanafunzi mwenzake, aliyelivunja jeshi lake mjini Salem tarehe 21 Aprili 1865 badala ya kulisalimisha, kisha akamuunga mkono Grant katika uchaguzi wa 1872 na kuwa konseli wa Marekani Hong Kong kuanzia 1878. Tahadhari moja: kumbukumbu hizo ziliandikwa na watu wanaompenda. Zisome pamoja na taarifa za maofisa wa Muungano wa siku zilezile.

Anayetaka kujua sheria za vita, aweke Front Royal na ibara zile mbili mezani, asihitaji zaidi.

Lakini mwenye nafasi ya kimoja tu, na anayesoma ili aelewe vita vya wenyewe kwa wenyewe popote vinapotokea, mimi namshauri Missouri. Najua ni uchaguzi mzito. Hakuna wa kumshangilia, vyanzo vimetawanyika kati ya simulizi za manusura wa Lawrence na mafaili ya ofisi za polisi wa kijeshi, na mwisho haupo unapoutarajia. Quantrill alipigwa risasi Kentucky Mei 1865, akafa Louisville tarehe 6 Juni, vita vimekwisha. Hata hivyo Frank James na Cole Younger, waliopanda farasi pamoja naye, na Jesse James aliyejiunga na genge la Anderson akiwa kijana mdogo, waliendelea kuvamia benki na treni kwa miaka zaidi ya kumi, na Missouri walikuwepo wa kuwaficha.

Ukimchagua Quantrill, usianze na Quantrill. Anza na Kansas ya 1854, uende Osceola ya 1861, usome Amri Namba 11 neno kwa neno, kisha ndipo urudi Lawrence.